Gesi ipo tele, mbona nyota hazizaliwi?

Mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari karibu na Ahero ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamesoma kwamba zipo galaksi ambazo kitovu chake peke yake huzaa nyota nyingi kuliko galaksi yetu nzima, kwa sababu ya gesi ya molekuli iliyojaa humo. Mmoja akauliza: gesi hiyo haionekani, wameipimaje? Mwingine akasema: katikati ya galaksi yetu kuna gesi tele vilevile, mbona huko nyota hazizaliwi kwa wingi? La kwanza nilijaribu. La pili nilishindwa. Naomba msaada."

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu mjini. Mwanafunzi wako wa pili amegusa jambo ambalo wataalamu wenyewe wamelivutania kwa miaka mingi, na nimefurahi sana kulisikia likitoka darasani. Jibu fupi la kumpa ni kwamba wingi wa gesi hautoshi. Gesi hugeuka nyota pale uzito wake yenyewe unaposhinda msukosuko wake. Kwenye galaksi zenye mfumuko wa nyota, yaani zile zinazozaa nyota kwa kasi isiyo ya kawaida, uzito umeshinda. Katikati ya kwetu, kwa sasa, msukosuko ndio wenye nguvu. Lakini mtoto aliyeuliza vile hataridhika na maneno hayo, kwa hiyo tuanze na swali la kwanza, maana la pili limesimama juu yake.

Nyota huzaliwa kutokana na haidrojeni baridi, ile ambayo atomu zake zimeshikana mbilimbili zikawa molekuli, ndani ya mawingu ya vumbi yenye joto la nyuzi 10 hadi 20 tu juu ya sifuri kamili, ile baridi isiyo na chini yake (nyuzi zote hapa nazihesabu kutoka hapo). Molekuli hiyo ina ncha mbili zinazofanana kabisa. Haina upande chanya wala upande hasi, na kwa hiyo ikizunguka haipigi wimbi la redio. Ili ifikie mzunguko wa kwanza unaoweza kutoa mwanga, hata ule hafifu, inahitaji nishati inayolingana na nyuzi 510 hivi. Kwenye wingu la nyuzi 15 hakuna wa kuiamsha. Inakaa pale kwa uzito wa mamilioni ya Majua, kimya.

Wapeleke wanafunzi kwa mawazo hadi ufuoni Dunga, usiku usio na mwezi. Ziwa lote ni giza. Omena hawaonekani hata mmoja. Lakini huko mbele kuna taa za wavuvi, karabai za zamani na hizi za sola za siku hizi, zimejipanga juu ya maji kama mji mdogo. Nimesimama pale mara nyingi nikizihesabu. Taa si omena, na omena ni maelfu kwa maelfu kwa kila taa, ila palipojaa taa unajua palipojaa samaki.

Taa za mawingu ya angani ni molekuli za kaboni monoksaidi. Ndiyo gesi ileile ya jiko la makaa, inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Kwa kila molekuli elfu kumi hivi za haidrojeni kuna moja tu ya hiyo. Lakini moja hiyo ina kaboni upande huu na oksijeni upande ule, haiko sawasawa, na kuizungusha ni kazi ndogo: nishati ya nyuzi 5.5 yatosha. Inagongwa na haidrojeni, inazunguka, na inapotulia inatoa wimbi la milimita 2.6, kwenye masafa ya gigahezi 115. Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walilinasa wimbi hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1970, kutoka kwenye wingu lililo katika kundinyota la Jabari (Orion). Na kwa kuwa masafa yake yanajulikana barabara, yakifika yamesogea kidogo juu au chini tunajua gesi ile inakuja kwetu au inatukimbia, na kwa kasi gani. Kumbuka hilo la kasi, tutalihitaji.

Wanafunzi wakiuliza mbona hatuna darubini ya namna hiyo hapa Kisumu, waonyeshe mawingu ya jioni juu ya ziwa. Mvuke wa maji unaotuletea mvua unayameza mawimbi ya milimita kabla hayajafika chini. Ndiyo maana ALMA, mtandao wa antena 66 uliozinduliwa rasmi mwaka 2013, umejengwa kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, mahali pakavu kupita kiasi.

Sasa, kaboni monoksaidi inawaka hata kwenye gesi nyepesi ya kawaida. Inakuambia gesi ipo. Haikuambii kama imesongamana kiasi cha kuzaa. Kwa hilo wataalamu hutumia molekuli nyingine, sianidi ya haidrojeni, ambayo hung'aa vizuri tu pale gesi iliposhonana mara mamia kuliko wingu la kawaida. Nikisoma jina hilo namkumbuka nyanya yangu kule Busia. Alikuwa akimenya muhogo mchungu, anaurundika, anaufunika kwa majani siku kadhaa mpaka uote ukungu mweusi, kisha anaukwangua na kuuanika juu ya jiwe kabla ya kusaga pamoja na mtama. Alichokuwa akikitoa ni sumu hiyohiyo. Hakujua jina lake la kikemia, ila alijua kwamba ukiruka siku moja mtu ataumwa. Mwaka 2004 Yu Gao na Philip Solomon walionyesha kwamba katika galaksi nyingi, kuanzia zilizotulia hadi zenye mfumuko mkali, kiasi cha nyota zinazozaliwa kinakwenda sambamba na kiasi cha mng'ao wa sianidi hii, kwa ukaribu kuliko kinavyokwenda na kaboni monoksaidi. Yaani kinachohesabika ni gesi iliyoshonana. Sumu ya jiko inatuonyesha shamba, sumu ya muhogo inatuonyesha palipoiva.

Kaa nao kidogo kwenye jambo hili linalofuata, kwa sababu hata wenye shahada hukosea hapo. Kuhesabu taa ili kujua samaki kunahitaji kiwango cha kubadilishia, kama cha shilingi na dola: taa moja ni omena wangapi? Kwa mawingu ya mitaa yetu ya galaksi, kiwango hicho kimepimwa kwa njia kadhaa zinazokubaliana. Lakini kwenye kitovu chenye mfumuko wa nyota gesi ina joto zaidi na inakimbia huku na huko, kwa hiyo taa zilezile zinawaka kwa ukali zaidi. Ukitumia kiwango cha nyumbani utahesabu samaki wasiokuwepo. Jambo hili lilijitokeza wazi kwenye Arp 220, galaksi mbili zilizogongana na kuungana, miaka ya nuru milioni 250 kutoka hapa. Kwa kiwango cha kawaida, gesi yake ilitoka nzito kuliko uzito wote wa kitovu chenyewe, kama uzito huo unavyopimwa kwa kasi ya mzunguko. Haiwezekani mahindi yaliyomo guniani yakawa mazito kuliko gunia na mahindi yake. Ikabidi kiwango kipunguzwe karibu mara tano. Ukiona mahali pameandikwa uzito wa gesi ya kitovu kama hicho, uliza kwanza wametumia kiwango gani.

Tuje kwenye hesabu za ubaoni, ambazo nadhani darasa lako litazipenda. Chukua NGC 253, galaksi iliyoonwa kwanza na Caroline Herschel mwaka 1783, miaka ya nuru kama milioni 11.5 kutoka kwetu. Kwenye kitovu chake, eneo dogo lenye upana wa miaka ya nuru elfu moja au mbili, kuna gesi ya molekuli yenye uzito wa Majua kama milioni 300, na kila mwaka gesi yenye uzito wa Majua 2 hivi inageuka nyota. Gawanya: gesi ile itakwisha kwa miaka milioni 150. Kwenye sahani za galaksi za kawaida, yaani ile sehemu bapa inayozunguka kitovu, muda huo ni kama miaka bilioni 2. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo mfumuko wa nyota hauwezi kuwa hali ya kudumu ya galaksi yoyote. Ni kipindi, kama msimu wa miwa kiwandani: tanuri linawaka usiku na mchana, kisha shamba linaisha.

Sasa ya kwetu. Katikati ya Njia Nyeupe, miaka ya nuru 26,000 kutoka tulipo, kuna gesi ya molekuli yenye uzito wa Majua kati ya milioni 30 na 50. Nyota zinazozaliwa humo ni kama sehemu moja ya kumi ya Jua kwa mwaka. Gawanya tena: miaka milioni 300 hadi 500. Mwanafunzi makini atainua mkono hapo na kusema, mbona tofauti si kubwa kama tulivyodhani? Ni kweli. Ukilinganisha na sahani za kawaida, kitovu chetu hata si kivivu. Fumbo liko kwenye msongamano. Karibu gesi yote ile ya katikati imeshonana kiasi kwamba, ingekuwa kwenye wingu la Jabari, ingekuwa imeshaanza kuporomoka na kuwaka. Kwa kanuni za mtaani kwetu kitovu kile kilipaswa kuzaa nyota mara kumi au zaidi ya kinavyozaa. Hapo ndipo mwanafunzi wako alipogonga.

Lipo wingu moja huko ambalo wataalamu wamelipa jina la utani, Tofali. Kwenye picha za infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, linaonekana kama doa jeusi mbele ya mng'ao wa nyota. Lina uzito wa zaidi ya Majua 100,000, limebanwa kwenye nafasi ndogo kabisa kwa vipimo vya mawingu. Ungelikuta karibu nasi ungetarajia limejaa nyota changa. Waliolichunguza wamekuta dalili chache tu za uzazi. Kubwa, zito, jeusi, na karibu halina mtoto.

Ili kuwaonyesha ni kwa nini, huhitaji maabara, unahitaji Mto Nyando ulio karibu nanyi. Mwezi wa Aprili, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, mtume mwanafunzi achote chupa moja. Itikiseni. Udongo ni mwingi, lakini umetawanyika mle ndani, hautui. Iwekeni juu ya meza na mngoje kidogo: unajikusanya chini. Udongo haukuongezeka, kilichobadilika ni mtikiso. Gesi ya katikati ya galaksi yetu iko ndani ya chupa inayotikiswa. Kasi za ndani ya mawingu yake ni mara kadhaa za mawingu ya kwetu. Joto lake ni nyuzi 50 hadi 100, si 15. Uga wa sumaku una nguvu. Na juu ya hayo, zile njia za kuzunguka kitovu hazina kasi moja, iliyo ndani inaitangulia iliyo nje, kwa hiyo wingu linavutwa na kunyumbuliwa kabla halijajikusanya. Kiwango cha msongamano kinachohitajika ili uzito ushinde kimepanda juu sana, na Tofali halijakifikia.

Usiwaache wakadhani kwamba NGC 253 imetulia. Chupa yake nayo inatikiswa, pengine kwa nguvu zaidi. Tofauti ni kwamba udongo uliomiminwa ni mwingi kwa chupa ndogo, mara sita hadi kumi ya wetu, mpaka mabonge yanashikana mtikiso ukiendelea. Anayemimina ni mwimo wa nyota. Galaksi nyingi, yetu ikiwemo, zina nyota zilizojipanga kama mwimo mrefu kupita katikati, na uvutano wa mwimo huo hautendi sawa pande zote. Gesi inayozunguka inapokutana nao inagongana na gesi nyingine, inapoteza mzunguko wake, na kuteremka ndani hadi kwenye pete inayozunguka kitovu. Wakati mwingine anayemimina ni jirani: M82, galaksi maarufu kuliko zote za aina hii, ilipitiwa karibu na jirani yake mkubwa M81, na mpaka leo mikono ya haidrojeni iliyochomolewa wakati huo inaonekana ikining'inia kati yao kwa darubini za redio. Arp 220 ni mgongano kamili, na humo zinazaliwa nyota za uzito wa Majua kama 200 kila mwaka, nyuma ya vumbi zito hivi kwamba karibu mwanga wake wote unatufikia kama joto la infraredi.

Kinachonigusa zaidi ni kile ALMA ilichokiona kwenye kitovu cha NGC 253. Mwaka 2018 kundi la watafiti liliripoti mabonge 14 madogo, yamepangana kama shanga kwenye uzi, kila moja likiwa kundi zima la nyota linalozaliwa, zito kati ya Majua elfu kumi hivi na milioni moja. Kwa mwanga wa kawaida mengi yao hayaonekani kabisa, vumbi limeyafunika. Kwa mawimbi ya milimita yanawaka. Huko nyota hazizaliwi mojamoja wala kwa mamia. Zinazaliwa kijiji kizima kwa mpigo, gesi ikiwa bado imewazunguka watoto.

Na watoto hao ndio wanaoifukuza gesi. Nyota nzito haziishi muda mrefu. Kwa miaka milioni chache zinapuliza upepo na mwanga mkali, kisha zinalipuka kama supanova. Nilikuomba ukumbuke habari ya kasi: kwa kupima mawimbi ya kaboni monoksaidi yaliyosogea, Alberto Bolatto na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba gesi ya molekuli inatoka kwenye kitovu cha NGC 253 kwa kiasi cha Majua yasiyopungua 3 kwa mwaka, na yumkini yanafika 9. Rudi ubaoni. Gesi milioni 300, 2 zinakuwa nyota, 3 zinatupwa nje: si miaka milioni 150 tena, ni 60. Ukitumia 9, ni chini ya 30. Sehemu ya gesi hiyo huenda ikarudi chini, na mwimo nao bado unamimina, kwa hiyo usiwape wanafunzi namba hizi kama tarehe ya mazishi. Lakini waone kwamba inayofukuzwa ni nyingi kuliko inayozaa. Kwenye M82 upepo huo unaonekana hata kwa mwanga wa kawaida, nyuzi nyekundu za haidrojeni zikipanda na kushuka kutoka kitovuni kwa maelfu ya miaka ya nuru.

Ukiunganisha hayo, maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi kuhusu kitovu chetu ni ya zamu. Gesi inaingia kidogokidogo, inajaa, inavuka kiwango, inawaka kwa fujo, inafukuzwa au kutikiswa, kisha kunakuwa kimya mpaka ijae tena. Tumekikuta kikiwa kimya. Alama za zamu iliyopita zipo. Kuna makundi mawili ya nyota nzito karibu na kitovu, Arches na Quintuplet, yenye umri wa miaka milioni chache tu. Na mwaka 2019 darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini ilionyesha mapovu mawili ya mawimbi ya redio yakitoka juu na chini ya kitovu, yakienea jumla ya miaka ya nuru 1,400, alama za tukio kubwa la miaka milioni chache iliyopita. Wapo wanaosema lilitokana na shimo jeusi la katikati na wala si nyota, na hoja yao si dhaifu. Mimi naegemea kwenye nyota kwa sababu umri wa makundi yale unakaribiana na wa mapovu.

Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa kwanza: tunaipima kwa taa, na kiwango cha taa kina utata. Kwa wa pili: gesi yetu haijalemewa na uzito wake, na huenda zamu yake haijafika.

Mambo mawili ya kufanya nao. Mwezi wa Agosti, saa tatu usiku, angalieni kusini, juu, kwenye kundinyota la Mshale (Sagittarius), pale Njia Nyeupe inapokuwa nene. Kitovu kiko hapo, na Tofali liko hapohapo. Halafu Novemba, saa hiyohiyo, tafuteni nyota Diphda upande wa kusini, karibu na utosi. Shukeni chini yake kwa nafasi isiyofika ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Kwa darubini ya macho mawili, mkiwa mbali na taa za barabarani, mtaona mchirizi hafifu wa mwanga. Ndiyo NGC 253 yenyewe, ile ya mabonge 14. Niandikie usiku mtakaouchagua, wiki ambayo hakuna mwezi. Ninayo darubini ya inchi nane ambayo huingia kwenye matatu ikifungwa vizuri kwa blanketi, na kutoka hapa hadi Ahero si mbali.